Kununua pleya ya santuri ya zamani Unguja: hatua kwa hatua

Bibi alituachia kasha la sahani za santuri. Zilikuwa zimefungwa kwa kanga, mbili mbili, kila jozi na karatasi ya gazeti katikati, na nyingi ni za taarab: zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, na nyingine ndogo za 45 za baadaye. Mwaka mzima nilizipiga kwenye kipleya cha sanduku, kile kinachofungwa kama begi chenye spika zake humo humo. Siku moja nikauinua mkono wa pleya nikakuta unga mweusi umejikusanya kwenye ncha ya sindano, na unga ule haukuwa vumbi la nyumbani. Nikaazima mizani ya dhahabu kwa sonara, nikapima uzito ambao sindano inauegemeza juu ya sahani. Gramu sita! Pleya nzuri hulaza sindano kwa gramu moja na nusu hadi mbili. Nilikuwa nazilima sauti za watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki.

Sahani kama zile haziagizwi tena dukani. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na pleya ipi ina sauti tamu au jina kubwa. Unaanza na pleya ipi itazilinda sahani zako, na ipi itazunguka sawasawa kwa umeme wetu. Mashine nyingi za miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa chuma kizito, mota imara na mkono wenye beringi safi, na ukiipata moja iliyotunzwa utapanda daraja kwa pesa ambayo dukani ingekununulia plastiki.

Hatua ya kwanza: zitazame sahani zako

Kabla hujaenda popote, toa sahani zote uzipange kwa mwendo wake. Sahani kubwa za mizunguko 33 na thuluthi zilianza kuuzwa mwaka 1948, na za 45 zikafuata 1949. Za kabla ya hapo ni za 78, zile ngumu na nzito ambazo ukiidondosha moja inavunjika kama kigae. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodiwa na kampuni ya His Master's Voice, sauti yake iliingia kwenye sahani za namna hiyo. Ukiwa na hata tatu kama hizo, umeshajua kwamba huwezi kununua pleya yoyote tu.

Zenye mwendo wa 78 ni kama Lenco L75, Dual 1019 na 1219, Garrard 401 na Thorens TD 124. Technics SL-1200MK2, mashine ambayo kila mtu anaijua, haina 78. Pioneer PL-12D pia haina. Hizo ni mashine nzuri kwa mwenye sahani za 33 na 45 peke yake, pamoja na Thorens TD 160 na Rega Planar 3.

Na si mwendo tu. Mfereji wa sahani ya 78 ni mpana. Sindano yake ina ncha ya mikroni 65 hadi 75 hivi, ilhali ya sahani za 33 na 45 ni kama 18. Ukitia sindano nyembamba kwenye mfereji mpana, inakwenda kukwaruza chini kabisa, kwenye uchafu wa miaka tisini, na unasikia mchanga badala ya mwimbaji. Ukitia pana kwenye mfereji mwembamba, unaharibu sahani. Utahitaji sindano mbili.

Hatua ya pili: umeme

Hapa ndipo nilipoumia, na ndipo watu wengi wa Visiwani wanapoumia, kwa sababu vitu vyetu vya mtumba vinatoka kila upande wa dunia.

Pleya yangu ya kwanza ya maana ilishuka kwenye kontena la vitu vya Japani. Sanduku la mbao, mfuniko mzima, inang'aa. Muuzaji akanipa na transfoma ya kuushusha umeme, nikaona mambo yamekwisha. Nikaweka sahani ya 45. Muziki ulitoka, lakini mzito, unajivuta, na sauti ya mwimbaji imeshuka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mama akatoka jikoni akasikiliza kidogo, akasema, "Mwanangu, huyu siye."

Kweli hakuwa yeye. Kuna mambo mawili kwenye umeme, na transfoma inatibu moja tu. La kwanza ni volti: sisi tuna 230, Japani 100, Marekani 120. Kuchomeka mashine ya volti 100 moja kwa moja kwenye soketi yetu ni kuiunguza. La pili ni hezi, yaani mara ngapi umeme unapigapiga kwa sekunde. Sisi tuna 50. Marekani wana 60. Japani imegawika: upande wa Tokyo 50, upande wa Osaka 60. Pleya nyingi za zamani zina mota inayofuata hezi za umeme, na kapi dogo la mota limechongwa kulingana nazo. Mota ya hezi 60 ukiipa 50 inazunguka kwa sehemu tano badala ya sita. Sahani ya 33 inazunguka chini ya mara 28 kwa dakika, na wimbo unashuka karibu nusu-sauti tatu. Mpiga fidla atakwambia hiyo ni nyimbo nyingine.

Basi kabla ya bei, geuza mashine usome kibati cha nyuma au cha chini. Tafuta volti na tafuta hezi. Ukiona 50/60 usishangilie mapema, maana mara nyingi maana yake ni kwamba mashine ilitengenezewa makapi mawili, na lililofungwa ndani huenda ni la 60. Vua sinia, lile bamba la duara linalobeba sahani, tazama kapi; wengine waliandika namba juu yake. Kapi la 50 ndilo nene zaidi. Kupata jingine inawezekana, kwa kuagiza au kwa fundi wa kuchonga chuma, lakini gharama hiyo iingie kwenye hesabu.

Mashine zinazoendeshwa na mota ya moja kwa moja, iliyo chini ya sinia lenyewe, yenye kidhibiti cha kwatsi (quartz), kama SL-1200MK2, hazijali hezi. Hizo ukizipatia volti zake zimetosheka, na transfoma ya wati 50 inabeba bila taabu, kwa kuwa pleya hula umeme mdogo. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kumwambia mtu asiye na sahani za 78 atafute mashine ya namna hiyo kwanza.

Neno moja kuhusu jenereta. Sote tunakumbuka kiza cha miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika na mji mzima ukawa unanguruma kwa jenereta. Jenereta ndogo haishiki hezi zake, inapanda na kushuka kila friji ya jirani ikiwaka, na pleya inayofuata hezi inapanda na kushuka nayo. Umeme ukikatika, funika pleya yako usubiri.

Hatua ya tatu: jua inaendeshwaje

Ziko namna tatu. Ya mkanda wa mpira: mota iko pembeni, mkanda unazungusha sinia. Ni kimya, na mkanda mpya ni rahisi, lakini hesabu kwamba wa zamani umekwisha, kwa sababu joto letu huulegeza hata ukiwa haukutumika. Ya gurudumu la mpira: gurudumu limebanwa kati ya mota na sinia, na ndiyo namna ya Lenco, Garrard na Dual nilizozitaja. Ina nguvu sana, inapendeza kwa 78. Ubaya wake ni gurudumu likiachwa limebanwa miaka mingi. Linaingia bonde, na bonde lile utalisikia, du, du, du, kila mzunguko. Ya tatu ni mota ya moja kwa moja, sinia limekaa juu ya mota yenyewe.

Pleya za kujiendesha, ambazo mkono unainuka na kurudi wenyewe, zina mitambo mingi chini na grisi ya kiwandani huganda kama gundi. Mkono ukikwama njiani usiulazimishe. Mara nyingi haujavunjika, ni grisi tu, na fundi mvumilivu anaisafisha kwa siku moja.

Hatua ya nne: siku ya kuitazama

Usinunue kwa picha za simu. Nenda mchana, na chukua: tochi, kioo cha kukuza, kipande cha karatasi ya kunata, simu yenye saa ya kuhesabia, mizani ndogo ya gramu kama unayo, na sahani moja ya 45 ambayo hata ikiharibika hutalia. Usichukue ya bibi.

Anza na sanduku. Ligonge kwa kucha pande zote. Kama ni la mbao na linatoa sauti tupu, mchwa ameshapita. Nusa. Harufu ya koga si tatizo, harufu ya kuungua ni tatizo. Mulika plagi nyekundu na nyeupe za nyuma: hewa ya chumvi hufanya shaba iote kijani, na kijani kikiwa nje, tegemea kipo na ndani, kwenye vijiti vinne vidogo vinavyoshikana na kichwa cha mkono. Kutu nyepesi inafutika. Ikiwa skrubu za mkono zimekuwa kahawia na hazizunguki, mashine imekaa karibu na bahari bila mfuniko, achana nayo.

Kisha sinia. Ondoa mkanda kama upo, lizungushe kwa kidole uliache. Liende muda mrefu na bila sauti. Inama macho yako yawe sawa na ukingo wake: likicheza juu na chini kama tairi lililopinda, mhimili wake una matatizo.

Sasa mkono, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu mkono ndio unaoigusa sahani. Mkanda hubadilishwa, sindano hubadilishwa, mota hata ikifa fundi huipata nyingine. Beringi za mkono zikiumia, umenunua sanduku zuri la mbao. Fungua kishikio, shika mkono kwa vidole viwili karibu na shina lake, uusukume kwa upole sana mbele na nyuma, kushoto na kulia. Usisikie mchezo wowote, hata kidogo kama jino linalotaka kung'oka. Halafu zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, usawa, haupandi wala haushuki. Upulizie pumzi tu, kutoka pembeni. Unapaswa kusogea kama unyoya na kutulia polepole. Ukisimama ghafla, au ukirudi mahali pamoja kila mara, kuna kitu kinaukwaza ndani. Nilimwona kijana mmoja akifanya hivi dukani na mwenye duka akamwambia, "Sheikh, wataka kununua au wataka kumtibu?" Kijana akacheka, akaendelea kupulizia. Alikuwa sahihi. Kwenye Lenco L75 tazama pia vile vipande viwili vya mpira vinavyoshika mkono shinani, vinaoza karibu vyote. Ni vitu vidogo na vipya vinapatikana, lakini vikishaoza mkono unalegea.

Washa. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, weka sahani yako na sindano ikiwa inacheza, uhesabu mizunguko. Mizunguko 100 kwa dakika tatu kamili ndiyo 33 na thuluthi. Kwa 45 na 78 hesabu dakika moja. Ukihesabu 83 badala ya 100, umeshajua ni lile kapi la 60. Hesabu hii haihitaji chombo chochote, na imeshaniokoa mara mbili. Kwenye Technics tazama nukta za ukingoni chini ya taa yake nyekundu: kitelezi cha mwendo kikiwa katikati, nukta kubwa zinapaswa kusimama tuli kama zimechorwa.

Sindano iliyomo usiihesabu kitu. Hata ikilia vizuri, hujui imelima masaa mangapi. Angalia tu katriji, yaani kichwa kinachobeba sindano, imefungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7. Ikiwa hivyo, unaweza kufunga karibu katriji yoyote ya leo. Muuzaji akijisifia kwamba ina katriji ya Shure, jua kwamba kampuni hiyo iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, kwa hiyo sindano zake za asili zinaadimika. Mimi nilichagua Audio-Technica ya jamii ya VM95, kwa sababu mwili wa katriji ni mmoja na sindano inachomolewa na kuchomekwa kwa mkono: ya kawaida kwa sahani za 45, na ya 78 nikitaka kumsikiliza Siti.

Hatua ya tano: bei

Sema unachokiona, kwa adabu, kimoja kimoja. Kama anataka laki nne, mwoneshe mkanda uliolegea, sindano iliyokwisha, plagi zenye kijani, kisha useme, "Ami, hizi zote nitazinunua mimi baada ya wewe." Toa gharama ya katriji mpya daima, kila mashine, hata akiapa. Usimdhalilishie mali yake. Wauzaji wa vitu hivi ni wachache na utamhitaji tena, na mkishaelewana atakupigia simu kontena likifunguliwa.

Hatua ya sita: kuibeba

Iwe kwa boti kutoka Dar es Salaam au kwa gari kutoka Mwanakwerekwe, sinia livuliwe na lifungwe peke yake, uzito wa nyuma uchomolewe, mkono ufungwe kwa uzi laini kwenye kishikio chake, na sindano ivuliwe au ivalishwe kikinga. Mashine yenye springi ina skrubu za safari juu ya sanduku, zikaze. Uipakate. Usimwachie mchukuzi.

Hatua ya saba: nyumbani

Wakaao Mji Mkongwe ghorofani wanajua: dari na sakafu zetu zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na mtoto akikimbia ukumbini kabati linatetemeka. Sindano itaruka. Nyumba kama hiyo, pigilia rafu kwenye ukuta wa mawe, ukuta haucheki, na pleya ikae juu yake. Spika zisikae rafu moja na pleya. Weka pimamaji juu ya sinia, usawazishe kwa vipande vya kadi hadi povu likae katikati pande zote mbili.

Fundi redio afungue chini mara moja kabla ya matumizi ya kila siku. Mwambie abadilishe kapasita ya kuzuia cheche iliyoko kwenye swichi, kwani za zamani hupasuka na kutoa moshi, asafishe mhimili na kutia mafuta mepesi, tone mbili.

Kisha fanya mkono uelee tena kama ulivyofanya dukani, zungushia namba ya uzito kwenye sifuri, na urudishe mpaka gramu alizoandika mwenye katriji. VM95 yenye sindano ya kawaida inataka gramu 2. Hakikisha kwa mizani, usiiamini namba iliyochorwa miaka hamsini iliyopita. Kile kigurudumu kidogo cha kuzuia mkono usivutwe ndani, kiweke kwenye namba ile ile.

Waya zako ziende kwenye tundu la fono (phono), yaani tundu la pleya, la ampu, kile kikuza-sauti kikubwa cha spika. Ampu nyingi za leo hazina. Hapo unahitaji kikuza-sauti kidogo cha fono katikati, vinginevyo utasikia muziki kwa mbali, kama redio ya jirani. Ukisikia mvumo wa "mmm" usiokoma, ni waya mwembamba wa athi (earth) wa pleya haujafungwa, ufunge kwenye skrubu ya nyuma ya ampu.

Sahani zenyewe zioshwe kabla. Za plastiki, maji safi yaliyochujwa na tone la sabuni laini, kitambaa kisichotoa nyuzi, ukifuata mfereji. Za 78 fanya hivyo hivyo lakini spiriti isizikaribie hata kidogo, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, na spiriti inauyeyusha. Lebo isilowe. Zikaushe kivulini, zikiwa zimesimama, na zihifadhiwe zikiwa zimesimama, mbali na dirisha la jua la mchana. Masika ikianza tia pakiti za kukausha unyevu ndani ya kasha.

Halafu vaa sindano inayostahili, weka sahani, shusha mkono kwa kile kinyanyulio chake na si kwa kidole. Upande wa kwanza ukimalizika, usigeuze sahani bado. Inua mkono, chukua tochi na kioo cha kukuza, mulika ncha ya sindano. Safari hii ncha iwe safi, unga mweusi usiwepo.